MAELEZO KWA WENYE MAGARI: INJINI INAYOZIMIKA GARI LINAPOSIMAMA

Watumishi wa Serikali na wakaazi wenye magari wanajulishwa kwamba maelezo haya yanahusu magari ya petroli ya miaka iliyopita ambayo hayana kabureta, yaani yale ambayo mafundi wetu huyaita magari ya EFI. Aghalabu ni Toyota Corolla, Carina na Mark II, au Nissan Sunny, yaliyotengenezwa katika miaka ya 1990, na ambayo bado yanaonekana katika barabara za Singida, Manyoni, Iramba na Ikungi. Malalamiko ya wenyewe ni ya namna moja: gari hutembea vizuri, lakini likipunguza mwendo kwenye tuta au likisimama kituoni, injini hutetemeka, mshale wa mizunguko hupanda na kushuka, kisha injini huzimika.

Jambo hili lisichukuliwe kuwa ni usumbufu tu. Barabara kuu itokayo Singida kuelekea Igunga na Nzega huteremka mlima Sekenke kabla ya kuingia katika bonde la Wembere, na katika mteremko huo wapo madereva wanaoweka gea huru kwa kudhani kuwa wanabana mafuta. Kwa gari la EFI dhana hiyo ni kinyume cha ukweli. Gari likiteremka likiwa ndani ya gea, na mguu umeondolewa kwenye pedeli ya mafuta, kontroli boksi huzifunga nozeli na injini huzungushwa na magurudumu bila ya kuunguza mafuta. Likiwekwa gea huru, injini hulazimika kuunguza mafuta ili isizimike, na injini yenye sailensa dhaifu hapo ndipo inapozimika. Usukani huwa mzito ghafla. Kisaidizi cha breki, lile bakuli kubwa jeusi lililo nyuma ya masta silinda, hutegemea mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Injini ikisimama, hubakia akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu. Dereva aliyefikwa na hali hiyo asipige breki mara kwa mara. Akanyage mara moja kwa nguvu bila kuachia, avute breki ya mkono kidogo kidogo, wala asithubutu kuchomoa ufunguo, kwani usukani utajifunga.

Ili kuyaelewa maradhi yenyewe, inafaa kujua sailensa ni nini. Dereva akiondoa mguu kwenye pedeli, kile kisahani kilichomo ndani ya throto hufunga njia kuu ya hewa. Injini hupumua kupitia njia nyembamba ya pembeni, ambayo ina vali ndogo inayoongozwa na kontroli boksi. Injini ikiwa baridi vali hufunguka zaidi. Kiyoyozi kikiwashwa au gea ya kujiendesha ikiingizwa, hufunguka tena kufidia uzito huo. Kwa magari mengi ya aina tuliyoyataja, injini iliyopata moto huzunguka kiasi cha mara 700 hadi 800 kwa dakika. Njia hiyo nyembamba hupitisha pia mvuke wa oili kutoka ndani ya injini, na mvuke huo ukikutana na vumbi huganda kama lami. Mkoa wetu una miezi mingi ya ukavu na upepo, na vumbi si haba. Fauka ya hayo, mji wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kiasi cha asilimia 15. Hivyo vali hutakiwa kufunguka zaidi ili injini ipate hewa ile ile, na throto chafu iliyokuwa ikivumilika pwani hudhihirisha uchafu wake ikifika huku.

Kwa hiyo, kabla ya mtu kununua pampu ya mafuta au kontroli boksi iliyotumika, ni vyema aulize swali moja: gari huzimika wakati gani? Likizimika linaposimama tu, na likivuta vizuri mlimani, tatizo kwa kawaida liko katika hewa. Likikosa nguvu likiwa limebeba mzigo na kupanda, hapo ndipo filta ya mafuta na pampu zinapostahili kutuhumiwa. Likizimika ghafla baada ya kupata moto sana, kisha likawaka likishapoa, koili ya umeme au distributa ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Watu wengi wamelipia vipuri vya jamii ya pili na ya tatu ilhali maradhi yao yalikuwa ya jamii ya kwanza, ambayo dawa yake ni kopo moja la dawa ya kusafishia na kitambaa.

Throto husafishwa injini ikiwa imezimwa na imepoa, mahali penye hewa, pasipo na sigara wala moto. Paipu kubwa ya hewa ifunguliwe, kisahani kifutwe pande zote mbili kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa, na tundu la njia ya pembeni lisafishwe kwa dawa hiyo hiyo. Bisibisi, waya na msasa visitumike. Kama gari lina sensa ya kupimia hewa karibu na eya klina, dawa ya kabureta isiigonge. Ipo pia skrubu ndogo inayozuia kisahani kisifunge kabisa. Hiyo imepimwa kiwandani na haipasi kuguswa. Fundi anayeikaza ili sailensa ipande amelificha tatizo, na gari litarudi kwake.

Baada ya hapo zitazamwe paipu za vakyumu, yaani zile za mpira zinazotoka kwenye manifoldi. Joto la injini huzikausha na kuzipasua, mara nyingi upande wa chini usioonekana. Injini ikiwa inanguruma, mtu asikilize mlio wa kufyonza, kisha anyunyize maji kidogo kidogo penye mashaka, mbali na waya za plagi. Mlio wa injini ukibadilika, ufa uko hapo. Paipu ya kisaidizi cha breki isisahauliwe. Kama sailensa hubadilika sana kila breki inapokanyagwa, hewa inavuja upande huo, na gari hilo lisiteremke Sekenke kabla ya kutengenezwa.

Mintarafu ya maji ya rejeta, wengi hawadhani kuwa yanahusiana na kuzimika, lakini yanahusiana. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo maji ya moto hupita jirani na vali ya sailensa, nayo yakipungua mshale hupanda na kushuka bila kutulia. Kadhalika ipo desturi ya kuondoa thamostati ili gari lisichemke. Asubuhi za Juni na Julai hapa Singida ni za baridi. Injini isiyo na thamostati huchelewa mno kupata moto, kontroli boksi huendelea kuizidishia mafuta kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa, plagi hufanya masizi, na mwenye gari huanza kumlaumu muuza petroli. Si kwamba petroli haina lawama kabisa. EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikuwapo kweli, na petroli ya madumu kando ya barabara haina wa kuithibitisha.

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, Toyota nyingi za wakati huo husema zenyewe zinaumwa nini. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye maandishi DIAGNOSIS. Matundu ya TE1 na E1 yakiunganishwa kwa waya mfupi na ufunguo ukawashwa bila kuendesha injini, taa humeta kwa hesabu: 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya hewa, 41 ni sensa ya throto. Ikimeta mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Kazi hii afanye mwenye kuyajua matundu hayo, kwa kuwa kuunganisha mengine kwa makosa huweza kuunguza umeme wa gari.

Betri ikifunguliwa wakati wa matengenezo, kontroli boksi hupoteza kumbukumbu, na gari laweza kuzimika mara moja mbili hata kama limepona. Liachwe lingurume kwa dakika kumi hivi, kiyoyozi na taa vikiwa vimezimwa, kabla ya kuhukumiwa.

Kwa magari ya Serikali, ambayo matengenezo yake hupitia TEMESA, dereva anashauriwa aandike katika daftari la safari kila gari linapozimika: injini ilikuwa baridi au ya moto, gea ipi, kiyoyozi kiliwashwa au la, na mafuta yalijazwa wapi. Fundi akipewa karatasi hiyo huanza kazi mahali panapostahili.