Hisa za kampuni za simu: anayenunua ananunua nini hasa?

Na Mwandishi Wetu, Hedaru

Wasomaji wa ukurasa huu kutoka Same, Hedaru na Makanya wamekuwa wakiuliza swali moja kwa namna mbalimbali. Wanaona kila duka lina wakala wa kutuma fedha, kila abiria anayeshuka kwenye basi la Arusha ana simu mkononi, na mzigo wa tangawizi kutoka Mamba Miamba au wa mchele kutoka Ndungu hulipiwa kwa simu kabla haujapakiwa. Je, si busara kuweka akiba katika hisa za kampuni hizo kuliko kuilaza dukani?

Swali ni zuri, lakini limebeba kosa ambalo limewagharimu watu wengi. Biashara kuwa na wateja ni jambo moja, na hisa ya biashara hiyo kuwa na faida kwako ni jambo jingine. Katikati ya hayo mawili ipo bei uliyonunulia.

Mfano tunao nyumbani. Bunge lilirekebisha sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 kupitia Sheria ya Fedha ya 2016, na kampuni za simu zikatakiwa kuuza asilimia 25 ya hisa zao kwa umma na kuziorodhesha katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Vodacom Tanzania ilianza kuuza tarehe 9 Machi 2017: hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, jumla shilingi bilioni 476. Kwa soko lililofunguliwa mwaka 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, huo ulikuwa mzigo ambao halikuwahi kuubeba.

Na lilitetereka. Mauzo yalilengwa kwa Watanzania peke yao, muda ukaongezwa, na hatimaye mlango ukafunguliwa kwa wageni ili hisa ziishe. Watanzania zaidi ya 40,000 walinunua, wengi wao wakiwa hawajawahi kumiliki hisa yoyote. Wageni walichukua kiasi cha asilimia 40 ya hisa zilizouzwa. Tarehe 15 Agosti 2017 hisa ziliorodheshwa. Mtu makini angejiuliza hapo hapo: kama wananchi hawakutosha kuzimaliza hisa kwa shilingi 850, kesho nitamuuzia nani kwa 1,000?

Tuchukue mfanyabiashara aliyenunua hisa 1,000 kwa shilingi 850,000. Mwaka 2022 ubao wa soko ulikuwa ukionyesha shilingi 770 wiki baada ya wiki. Kwa hesabu hiyo hisa zake zilikuwa na thamani ya 770,000, pungufu ya 80,000. Lakini hesabu haiishii hapo. Mwaka 2020 kampuni ilitoa gawio maalumu la shilingi bilioni 400, ambalo ukiligawa kwa hisa zote, takriban bilioni 2.24, unapata kama shilingi 178 na senti kwa hisa. Kwa hisa 1,000 ni karibu 178,570. Ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 5 inayotozwa kwenye gawio la kampuni zilizoorodheshwa, zinabaki kama 169,600. Kwa hiyo huyu hakupata hasara. Amesogea mbele kwa kama shilingi 90,000 katika miaka mitano, ukiacha magawio ya kawaida ambayo yalikuwa madogo.

Sasa linganisha. Hatifungani ya serikali ya miaka 15 wakati ule wa 2017 ilikuwa na riba ya asilimia 13.5. Kila milioni moja ilileta shilingi 135,000 kwa mwaka, bila kelele. Aliyekwenda huko alipata kwa mwaka mmoja zaidi ya alichopata mwenye hisa 1,000 kwa mitano. Hili halikuandikwa kwenye mabango ya barabarani.

Lipo pia suala la kutoka. Bei ya 770 iliyo ubaoni ni bei ya biashara ya mwisho, si ahadi kwamba yupo mnunuzi anayekusubiri. Katika soko lenye wanunuzi wachache, agizo lako la kuuza linaweza kukaa kwa dalali kwa wiki kadhaa. Mwenye duka Hedaru anajua bidhaa inayokaa rafuni ina maana gani. Gunia la mahindi unaweza kuliuza leo jioni kwa kupunguza bei kidogo. Hisa elfu moja, huenda usiweze, na ada ya shule haisubiri. Ndiyo maana fedha ya kununulia msimu ujao haipaswi kabisa kuingia huko.

Kwa nini kampuni yenye wateja wengi hivyo ilisuasua? Sehemu kubwa ya jibu ni serikali na kanuni zake, ambazo katika biashara hii ni sawa na mvua kwa mkulima. Mwaka 2018 mkurugenzi mteule kutoka Kenya alinyimwa kibali cha kazi. Januari 2020 ulifika ukomo wa usajili wa laini kwa alama za vidole, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni ilitangaza hasara. Julai mwaka huo ikaja tozo ya miamala ya simu, na hata mwenye kibanda cha uwakala aliiona mara moja: watu walirudia kubeba noti mifukoni. Tozo ilipunguzwa baadaye, lakini mwenye hisa alikuwa ameshapata somo. Leseni, masafa na kodi vyote viko mikononi mwa dola.

Majirani wana visa vyao. Safaricom ya Kenya iliuzwa mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Waombaji walikuwa zaidi ya 800,000, wengine wakakopa benki, na wengi wakapewa sehemu ndogo tu ya walichoomba. Mapema 2009 hisa hiyo iliuzwa chini ya shilingi 3. Aliyekopa aliumia. Aliyekaa nayo akiwa na fedha yake mwenyewe aliiona ikipita shilingi 40 mwaka 2021, na asipouza, akaiona tena ikishuka chini ya 15 mwaka 2023. Uganda, mwaka 2023, Airtel ilipata wanunuzi wa nusu tu na ushei ya hisa ilizozitangaza.

Hizo zote ni kampuni zenye minara, wateja na hesabu zilizokaguliwa. Kuna daraja la hatari zaidi, nalo ni hisa za vifaa vipya vya ng'ambo ambazo vijana sasa wanazifuata kwa simu. Xybernaut ya Marekani ilikuwa ikitengeneza kompyuta za kuvaa mwilini tangu miaka ya 1990. Wazo lilikuwa la kweli, magazeti yalilisifu, lakini kampuni haikuwahi kupata faida. Iliishi kwa kuuza hisa mpya kila fedha ilipokwisha, na kila toleo jipya lilipunguza fungu la mwenye hisa wa zamani. Julai 2005 ilikimbilia mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Fitbit, ya bangili zinazohesabu hatua, iliuzwa kwa dola 20 Juni 2015, ikapita dola 50 Agosti, kisha Google ikakubali kuinunua kwa dola 7.35 mwaka 2019. Wavaaji wa bangili hizo waliongezeka mno duniani. Aliyenunua hisa Agosti 2015 hilo halikumsaidia.

Kwa hiyo unapopewa waraka wa matarajio, ruka picha na barua ya mwenyekiti. Nenda kwenye hesabu. Tazama fedha taslimu iliyoingia kutokana na biashara, si mapato ya jumla. Gawa faida ya mwaka kwa idadi ya hisa, kisha ulinganishe na bei unayotajiwa: kama hisa ya 850 inazaa shilingi 20, utasubiri zaidi ya miaka 40 faida irudishe mtaji, isipokuwa ikue. Angalia fedha ya toleo inakwenda wapi, kujenga minara au kumlipa mwenye hisa anayetoka. Kisha ulizia kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kamisheni yake na ada za soko, kwa sababu hukatwa ukinunua na hukatwa tena ukiuza.

Na kwa wanaonunua kwa ajili ya gawio tu: uliza kwanza daftari la wanahisa linafungwa lini. Ukinunua likiwa limeshafungwa, gawio hilo ni la aliyekuuzia.