Kumfuata Ngamia Mpaka Kwao

Barabara ya Thika haiishii Thika. Inapita Sagana, Karatina na Nanyuki, inateremka Isiolo, kisha inakata jangwa la Marsabit mpaka Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Mabasi yanayorudi Nairobi kutoka Isiolo hubeba abiria, na chini kwenye buti hubeba mitungi ya maziwa ya ngamia yanayosubiriwa na wateja wa Eastleigh. Maziwa hayo hupita karibu kabisa na Gitothua, na sisi wakazi wa upande huu wa Ruiru hatuyajui hata kwa harufu.

Si ajabu. Ruiru ni mji wa kahawa na ng'ombe. Hapa ndipo ulipo utafiti wa kahawa uliotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, na maziwa ya ng'ombe hutiwa pakiti hapa hapa. Mashamba yenyewe yamekatwa ploti za futi 50 kwa 100. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 490,120 katika mji huu, na mtoto anayezaliwa leo kwenye ghorofa za Gitothua anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuona mnyama yeyote akikamwa, sembuse ngamia.

Wazazi wanaotaka kuwaonyesha watoto ngamia bila safari ndefu huwapeleka Paradise Lost, kando ya barabara ya Kiambu. Ni eneo la kibinafsi lililokuwa la kahawa, lenye mapango, maporomoko na bwawa, na wageni hupanda farasi na ngamia. Mtoto hukaa kwenye tandiko ngamia akiwa amelala. Ngamia huinua miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo mpandaji hurushwa mbele, ukelele unasikika, halafu miguu ya mbele inanyooka na mtoto anajikuta juu kuliko baba yake. Ni furaha ya kweli na siibezi. Ila baada ya mzunguko mmoja na picha kadhaa za simu, mtoto huondoka akiamini kwamba kazi ya ngamia ni kubeba watoto Jumapili.

Ndiyo maana nawashauri wenye uwezo wa kuongeza mafuta kwenye gari waende mbali zaidi, Laikipia, ambako ngamia wanafugwa kama mali. Kaskazini mwa Rumuruti, kwenye njia ya Maralal, liko shamba la Ol Maisor la familia ya Evans. Kwa miaka mingi familia hiyo ilipokea wageni: watu walipiga kambi juu ya mto Ewaso Narok, wakakodi ngamia wa kubeba mizigo na kusafiri nao kwa miguu. Mzee Jasper Evans alikuwa miongoni mwa wafugaji wa kwanza wa Laikipia kuingiza ngamia katika shamba la ng'ombe, wakati majirani wengi walimwona mnyama huyo kuwa wa Wasomali na Warendile tu. Mwaka 1995 aliandika pamoja na wataalamu wawili mwongozo wa ufugaji wa ngamia uliotolewa na wizara ya kilimo na mifugo. Alichokuwa akikitetea ni rahisi kukielewa ukisimama kwenye mbuga yenyewe. Ng'ombe hula nyasi. Ngamia hula majani ya miti na vichaka, hata vya miiba, juu kabisa ambako mbuzi hafiki. Nyayo zake ni laini na pana, haziichani ardhi kama kwato. Kwa hiyo wanyama hao wawili wanaweza kuishi shamba moja bila kunyang'anyana chakula.

Ukienda kwenye boma lolote la ngamia, fika alfajiri. Wakati wa kukama ndipo utakapomjua mnyama huyu. Ndama hutengwa usiku, na asubuhi huletwa kwanza kwa mama yake, kwa kuwa ngamia hateremshi maziwa mpaka aguswe na mwanawe. Ndama akishaanza kunyonya, mkamaji husimama kwa mguu mmoja, goti la mguu wa pili ameliinua, na chombo kimekaa juu ya paja. Chuchu ziko nne. Mara nyingi mbili huachiwa ndama na mbili hukamwa. Mikono huenda mbio, kwa maana maziwa hushuka kwa dakika moja au mbili tu kisha ngamia huyafunga, na hapo utabembeleza bure. Ndama akifa, mama anaweza kukauka. Mfugaji hukesha na ndama mgonjwa kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu mimba ya ngamia huchukua miezi kama 13 na huzaa mmoja tu. Kundi likipungua, huchukua miaka kulirudisha.

Maziwa anayotoa si mengi kwa macho ya mtu wa Kiambu aliyezoea ng'ombe wa gredi. Hesabu lita 3 hadi 10 kwa siku, kutegemea malisho. Lakini anaendelea kutoa wakati wa kiangazi, ng'ombe wa jirani akiwa amekauka au amekufa. Anaweza kukamwa mwaka mzima na zaidi baada ya kuzaa. Akipata maji baada ya siku nyingi za kiu, hunywa zaidi ya lita 100 kwa mkupuo. Nundu, ambayo watoto wengi huambiwa ni tangi la maji, ni akiba ya mafuta.

Katika jamii nyingi za wafugaji, kukama ni kazi ya wanaume na vijana, ila soko ni la wanawake. Isiolo, wanawake wa ushirika wa Anolei hupokea maziwa kutoka maboma ya mbali, huyanusa na kuyapima, kisha huyapakia kwenye basi la Nairobi. Joto la njiani ni adui yao mkubwa. Yakiharibika, hasara ni ya mwanamke aliyeyanunua kwa fedha zake. Yakichacha kwa utaratibu huwa suusac, maziwa lala ya ngamia yenye ukali na harufu ya moshi, maana vyombo hufukizwa kwa vijinga vya moto kabla ya kutumiwa. Nayapenda kuliko yale mabichi, ambayo huacha chumvi kidogo kwenye ulimi.

Sensa ya 2009 ilihesabu ngamia karibu milioni 3 nchini. Ile ya 2019, milioni 4.6. Ukame ndio unaosukuma watu kufuga ngamia. Kaunti ya Samburu ilianza mwaka 2015 kuwagawia wananchi ngamia, na jamii iliyoimba sifa za ng'ombe kwa vizazi inajifunza sasa kumkama mnyama aliyemzidi ng'ombe kimo. Kilichotokea Laikipia shambani kwa mtu mmoja kimekuwa sera ya serikali.

Nimesikia wenzetu wakitamani shamba la ngamia lifunguliwe hapa hapa Ruiru, wageni walipe kiingilio. Silitaki. Udongo wetu wa mvua humtelezesha ngamia na kumvunja mguu, unyevu humletea ukurutu, na vichaka anavyovihitaji tumeshavimaliza kwa kujenga. Wachache wa kupandwa wanaweza kutunzwa vizuri. Kundi la kukamwa likae kwenye ukame wake, na tulifuate.

Mwenye nia aende msimu wa kiangazi, wakati barabara za vumbi zinapitika, na apige simu kwanza kuuliza usalama, kwa kuwa maeneo ya Rumuruti na njia ya Maralal yamewahi kukumbwa na wizi wa mifugo na mashambulizi. Kwa wapendao vishindo, Maralal ina mashindano ya mbio za ngamia yaliyoanza mwaka 1990. Usisimame nyuma ya ngamia, wala usimsogelee ndama kabla mchungaji hajakuruhusu. Ukikaribishwa maziwa, omba yachemshwe, hasa ya watoto, kwani homa ya bruselosisi hupitia kwenye maziwa mabichi. Na umlipe mchungaji kwa muda wake kama unavyomlipa mwongoza watalii, kisha umwache azungumze: atakutajia kila ngamia kwa jina, mama yake na nyanya yake, na mwaka wa ukame aliozaliwa.