Mabango ya sinema bubu na ujinga wangu wa Paris

Juma hili nitakueleza jinsi nilivyouziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwaka 2011 nilikuwa Paris kikazi. Siku ya mapumziko nikaenda Saint-Ouen, kaskazini mwa jiji, kwenye lile soko mashuhuri la vitu vya kale. Katika kibanda kimoja nikaona bango: kichwa kilichofunikwa kinyago cheusi, alama kubwa ya kuuliza imekizunguka mithili ya nyoka, na maswali kwa Kifaransa: Nani? Nini? Lini? Wapi? Nikalitambua mara moja. Ni la Les Vampires, sinema bubu ya Louis Feuillade iliyoanza kuonyeshwa Novemba 1915, Ufaransa ikiwa vitani. Muuzaji akaapa kuwa ni la mwaka huohuo. Nikatoa yuro 120 na kuondoka mbiombio, nikichelea asije akagundua kuwa amenipa bure!

Nyumbani ninaye rafiki mchapaji. Alichukua lenzi yake, akainama, akatazama kwa muda mfupi tu, kisha akacheka. "Hebu njoo uone," akasema. Nikaona nukta, maelfu ya nukta ndogo zilizojipanga safusafu kama askari wa gwaride. Bango langu lilikuwa picha ya bango, iliyopigwa chapa kwa mashine za kisasa.

Mabango ya enzi zile hayakutengenezwa hivyo. Mchoraji alichora kwa kalamu yenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Jiwe likaloweshwa maji, kisha likapakwa wino. Wino ule una mafuta, kwa hiyo ulishika palipochorwa na kukataa palipo na maji. Karatasi ikagandamizwa juu yake. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake, na bango la rangi tano lilipita kwenye mashine mara tano. Ukilitazama kwa lenzi utaona rangi imetandaa, au imekuwa na chembechembe zisizo na mpangilio, kama chaki iliyopitishwa kwenye ukuta wa saruji. Safu za nukta hakuna.

Basi kwa nini la kweli ni adimu hivyo, ilhali yalichapwa mengi? Jibu ni kwamba hakuna aliyekusudia yadumu. Bango lilipakwa gundi, likabandikwa ukutani, likanyeshewa, na sinema mpya ilipoingia likafunikwa na jingine. Ukishalibandika hulibandui tena likiwa zima. Yaliyosalia ni yale ambayo hayakufanya kazi yake: yaliyobaki ghalani kwa mchapaji, yaliyosahauliwa darini mwa jumba la sinema, na yale ambayo wachapaji walilazimika kisheria kuyapeleka kwenye maktaba ya taifa. Kwa hiyo la kweli aghalabu lina mikunjo, maana yalihifadhiwa na kusafirishwa yakiwa yamekunjwa. Bango la karne nzima lisilo na kunjo hata moja lataka maswali.

Sheria ya Ufaransa ya Julai 29, 1881 nayo humsaidia mnunuzi. Iliagiza kila chapa iwe na jina na anwani ya mchapaji, ndiyo maana wajuzi huanza kusoma bango kutoka chini. (Langu lilikuwa limekatwa hapohapo, nami nikadhani ni uchakavu.) Sheria hiyohiyo ilitenga karatasi nyeupe kwa matangazo ya serikali peke yake. Mwenye sinema ilimbidi atie rangi, apende asipende.

Na rangi walizitia! Mwaka 1896 Marcellin Auzolle aliwachorea ndugu Lumière bango la watu wakicheka mbele ya pazia la sinema, na juu ya pazia mtunza bustani anarushiwa maji na mpira wake mwenyewe. Wengi hulihesabu kuwa bango la kwanza duniani kuonyesha tukio la filamu fulani. Baadaye kampuni ya Pathé ilimtegemea sana Cândido de Faria, Mbrazili aliyehamia Paris, na karakana yake ikatoa mabango mengi hadi alipofariki mwaka 1911.

Kuna wanaosema huu ni uchizi wa matajiri. Nami nilisema hivyo, mpaka niliposoma habari za Georges Méliès. Mtu huyu alitengeneza filamu zaidi ya 500. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi lilitwaa nyingi zikayeyushwa, seluloidi ikawa visigino vya viatu. Mwaka 1923, akiwa amefilisika, akachoma moto negativu zake mwenyewe. Baadaye aliuza vitu vya watoto kuchezea katika kituo cha reli cha Montparnasse. Filamu za aina hii, zake na za wenzake, nyingi hazitaonekana tena. Zipo ambazo kilichobaki ni karatasi moja ya ukutani inayotuambia kulikuwa na mwanamke, farasi na nyumba inayoungua. Mwenye karatasi hiyo ameshika filamu nzima mkononi.

Ndiyo maana wakusanyaji makini hawagundishi plastiki juu ya bango. Hulibandika juu ya kitambaa kwa gundi ya unga inayotoka kwa maji, ili fundi wa kesho aweze kulibandua.

Bango langu bado liko sebuleni. Mgeni akiuliza ni la mwaka gani, kabla sijafungua kinywa mke wangu hujibu kutoka jikoni: "La mwaka aliokwenda Paris!"