Huduma ya Nyumbani kwa Mgonjwa Aliyeondolewa Jicho

Daktari huamua kuondoa jicho pale linapokuwa limeharibiwa na jeraha, maambukizi makali au saratani kiasi cha kutoweza kuokolewa. Kwa mkazi wa Kata ya Kigwa, upasuaji hufanyika mbali na nyumbani, lakini sehemu kubwa ya kupona hutegemea uangalizi wa familia.

Bandeji ibaki kama ilivyofungwa hospitalini hadi siku iliyoagizwa. Baada ya hapo, anayemhudumia mgonjwa anawe mikono kwa sabuni, asafishe kope taratibu kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha apake marhamu aliyopewa. Uvimbe na majimaji yenye damu kidogo ni kawaida, na hupungua siku hadi siku. Dawa za mitishamba na maziwa ya mama visitiwe kabisa, kwani huweza kuleta maambukizi. Mgonjwa asilime, asibebe ndoo wala asikae penye moshi na vumbi hadi daktari atakapomruhusu.

Mara nyingi daktari huweka ganda dogo la plastiki nyuma ya kope ili kutunza nafasi ya jicho la bandia. Likidondoka, lihifadhiwe katika chombo safi na mgonjwa arudi hospitali mapema.

Mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na homa, usaha wenye harufu, damu isiyokoma au maumivu yanayozidi.

Jicho la bandia hupimwa kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8. Halirejeshi uwezo wa kuona, bali hushikilia kope na umbo la uso. Anayekosa miadi hiyo huweza kukuta nafasi imesinyaa, na kulivaa kukawa vigumu.

Anayeona kwa jicho moja hupata shida ya kukadiria umbali anapomimina chai, kushuka ngazi au kuvuka barabara. Hali hiyo huboreka kwa mazoezi ya miezi kadhaa. Jicho lililobaki lilindwe kwa miwani imara wakati wa kupasua kuni au kupura nafaka, na lipimwe kila mwaka.

Kwa mtoto aliyeondolewa jicho kwa sababu ya saratani, miadi ni suala la uhai, maana ugonjwa huo huweza kulipata jicho la pili. Ndugu zake wadogo nao wapimwe, na weupe wowote unaong'aa ndani ya mboni usisubiriwe.