Podo la babu lisiloe, wala watoto wasilifikie

Mvua ikianza, wazazi huziba paa linalovuja na kuinua magunia ya mahindi kutoka sakafuni. Katika baadhi ya nyumba za Ukambani kuna kitu kingine kinachohitaji jicho: podo la babu, lenye mishale ya manyoya, lililotundikwa ukutani tangu enzi za uwindaji.

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Hata hivyo, mishale hiyo ni urithi wa familia, na unyevu huiharibu haraka. Zaidi ya hayo, baadhi yake ingali na sumu.

Kwa nini unyoya huogopa maji

Unyoya ndio unaoufanya mshale uende moja kwa moja. Nyuzi zake nyembamba hushikana kwa vijindoano vidogo mno. Ukiloa, nyuzi hizo hulala na kugandamana, na mshale huyumba angani.

Ndege aliye hai hujipaka mafuta kwa mdomo kutoka kwenye tezi iliyo karibu na mkia. Unyoya uliofungwa kwenye mshale hauna wa kuupaka. Tena, kano za mnyama zilizotumiwa kuufunga hulegea zikipata maji, na unyoya huanza kubanduka.

Kwa mwindaji wa zamani hilo lilikuwa jambo zito. Mshale ukienda kombo, mnyama alitoroka na jeraha, na watoto nyumbani walilala bila kitoweo.

Wazee walivyofanya

Podo la ngozi lilikuwa na mfuniko, hivyo mishale ilibebwa ikiwa imefunikwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sehemu yenye sumu nayo ilizungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi, uliotolewa wakati wa kutumia mshale.

Ukanda huo ulikuwa na kazi mbili. Sumu hiyo, inayochemshwa kutoka kwa mti wa msunguti hadi iwe nyeusi kama lami, huyeyuka kwenye maji, mvua ingeidhoofisha. Pili, ulimkinga mbebaji asijichome. Kiini cha sumu hiyo kilitambuliwa na mwanakemia Mfaransa Arnaud mwaka 1888. Kikiingia kwenye damu, hushambulia moyo.

Sumu iliyokauka na kuhifadhiwa vizuri inaweza kubaki kali kwa miaka mingi. Kwa hiyo mshale wa babu si mchezo wa watoto, hata kama yeye alifariki zamani.

La kufanya nyumbani

Tundika podo kwenye ukuta wa ndani usiopata unyevu, mbali na dirisha na mahali paa linapovuja. Usiliweke sakafuni, wala juu ya jiko. Usilifunge kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu ukiingia humo hautoki, na ukungu utaota.

Mshale ukiloa, uache ukauke polepole kivulini. Usiuanike juani wala karibu na moto. Unyoya uliopinda hunyooka ukipitishwa kwenye mvuke wa birika kwa muda mfupi, kisha ukalainishwa kwa vidole. Fanya hivyo tu kwa mshale ambao una hakika haujawahi kupakwa sumu.

Ukiona utando mweusi karibu na chembe, au ukanda wa ngozi uliokauka, usiukwaruze, usiuoshe wala usiufungue. Vaa glavu, funika ncha kwa kitu kigumu, kisha fungia mshale mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti. Wataalamu wa makumbusho wanaweza kushauri namna ya kuuhifadhi.

Mtoto akichomwa na mshale wa aina hiyo, usingoje kuona dalili. Mkimbize hospitalini mara moja na uwaambie madaktari kilichomchoma.

Watoto nao waambiwe ukweli mapema: kwa nini babu alifunika manyoya, na kwa nini alifunika ncha. Mtoto anayejua kilichomo ndani ya podo hatalipandia kiti ili achungulie.