Mfamasia Hupimwaje?

Wapo watu wadhanio kuwa kazi ya mfamasia ni kuhesabu vidonge tu. Sivyo. Mojawapo ya kazi zake kuu ni kutoa habari za dawa: kumweleza mgonjwa, muuguzi au daktari namna dawa itumiwavyo, pamoja na madhara yake. Kwa ajili hiyo Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, kilifungua kituo maalumu cha habari za dawa mwaka 1962. Je, mwalimu atajuaje kama mwanafunzi wa famasia ameupata ujuzi huo?

Mtihani wa kuandika hautoshi, kwani mara nyingi hupima yaliyokaririwa. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walieleza mtihani wa namna nyingine kwa wanafunzi wa udaktari, ambao baadaye ulienea hata katika famasia. Watahiniwa hupita kituo hadi kituo, na wote hupewa muda ule ule. Katika kituo kimoja huweza kukaa mtu aliyefundishwa kuigiza mgonjwa au mzazi; kando yake mtahini hutia alama katika orodha iliyotayarishwa mapema.

Tuchukue mfano. Mwigizaji auliza: “Dada, tetrasaiklini yaweza kunywewa kwa maziwa?” Mtahiniwa wa kwanza ajibu upesi kuwa haifai, kwani kalisiamu iliyomo katika maziwa hushikamana na dawa hiyo, hata utumbo usiweze kuifyonza ipasavyo. Jibu hilo ni sahihi. Mtahiniwa wa pili aanza kwa kuuliza: “Mama, dawa hii ni ya nani?” Kumbe ni ya mtoto wa miaka 4! Tetrasaiklini huweza kuyatia meno ya mtoto aliye chini ya miaka 8 rangi isiyofutika. Basi amshauri mama asimpe mtoto dawa hiyo, bali amrudie daktari. Lau mtoto yule angekuwa wa kweli, jibu sahihi la mtahiniwa wa kwanza lingemdhuru.

Ndiyo maana orodha ya mtahini huuliza mengi: Je, mtahiniwa aliuliza umri, ujauzito na dawa nyingine zitumiwazo? Alitafuta katika kitabu cha kuaminika? Alieleza kwa maneno mepesi? Na asipojua, alikiri badala ya kubahatisha?

Mwalimu wa sekondari naye aweza kulijaribu jambo hili darasani. Na atoe swali lililopungukiwa kwa makusudi, kisha atie alama maswali ya wanafunzi kabla ya majibu yao.