Mbuzi Mzee Akikataa Kula

Mbuzi mzee akiacha kula, wafugaji wengi husema, "Ni uzee tu," kisha wakamwacha. Maneno hayo yamewapotezea watu mali nyingi. Uzee peke yake haumwondolei mnyama hamu ya kula. Iko sababu, na mara nyingi mwenye mbuzi aweza kuitambua mwenyewe kwa mikono na macho yake.

Jambo hili lakuhusu hasa wewe mkulima wa skimu za makazi za pwani, kama vile Shimba Hills, Gede, Magarini na Mpeketoni, maana huenda ukanunua mbuzi kutoka kisiwa cha Mombasa, au ndugu yako aliyeko mjini akakuletea mbuzi wake umtunzie. Mbuzi wa Mji wa Kale ana maisha yake. Huko Kibokoni na Kuze hakuna malisho. Mbuzi hupita vichochoroni, hula maganda ya ndizi, masazo ya jikoni na majani yaliyotupwa karibu na Marikiti. Basi akifika shambani kwako akiwa mzee, huja na mambo mawili ya kuchunguzwa: meno yake na tumbo lake.

MENO

Mbuzi hana meno ya mbele katika taya la juu. Ana ufizi mgumu tu. Meno ya mbele ya chini ni 8. Mwana-mbuzi huwa na meno madogo ya utotoni. Apatapo mwaka 1 hivi, meno 2 ya katikati hung'oka na kuota 2 makubwa. Akiwa na miaka 2 huwa na makubwa 4, miaka 3 huwa na 6, na miaka 4 huwa nayo yote 8. Baada ya hapo meno huanza kuachana, kulika, kulegea na kuvunjika. Kwa hiyo mwenye kuuza akikuambia, "Huyu bado kijana," funua mdomo uone mwenyewe.

Lakini meno ya mbele hukata majani tu. Kazi ya kusaga ni ya magego, na hayo ndiyo yanayomwumiza mbuzi mzee. Gego likilika upande mmoja huwa na ncha kali, likakata shavu au ulimi. Mbuzi huyo huja mbio kwenye chakula, hutafuna kidogo, kisha huangusha donge la majani yaliyolowa mate. Hamu anayo, ila anaumwa. Papasa mashavu yake kwa nje ulinganishe upande huu na huu, uone kama pana uvimbe au anaruka kwa maumivu. Usitie kidole ndani kati ya magego, maana atakikata.

TUMBO

Mbuzi humeza chakula haraka, kikaingia katika tumbo kubwa lililo upande wa kushoto. Humo vijidudu vyema hukichachusha, na mbuzi hukirudisha mdomoni kukicheua. Mfuko wa plastiki ukiingia humo hauchachuki, wala hautoki. Mbuzi hakuula kwa ujinga. Aliuona una chumvi na harufu ya chakula. Mfuko mmoja hujiviringa na mwingine, ukashikana na kamba za nailoni na nyuzi za magunia, hata ukawa donge kubwa. Donge hilo hukaa mahali pa chakula, na mbuzi hujiona ameshiba huku akikonda.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tangu tarehe 28 Agosti 2017. Hilo limesaidia sana, lakini kamba za nailoni, nyuzi za magunia na karatasi za plastiki za kufungia vyakula bado zimo katika takataka.

Dalili zake ni hizi: tumbo kubwa na mgongo mwembamba, kucheua kidogo au kutocheua, mavi machache, na tumbo kujaa hewa mara kwa mara. Weka ngumi yako ubavuni kushoto, nyuma ya mbavu za mwisho, ungoje. Kwa mbuzi mzima utasikia tumbo likisukuma mara 1 au 2 kila dakika. Kama halisukumi, au wagusa kitu kigumu kama donge, hakuna dawa ya kunywesha itakayoyeyusha plastiki. Daktari wa mifugo peke yake aweza kupasua tumbo na kuitoa.

USISAHAU MARADHI MENGINE

Kabla ya kulaumu meno au plastiki, tazama haya:

1. Funua kope la chini la jicho. Kama ndani ni jeupe badala ya wekundu, huenda minyoo inamnyonya damu.

2. Mpime joto asubuhi, kabla jua la pwani halijakuwa kali. Likizidi digrii 40, ana homa.

3. Kama anakohoa, anatoka makamasi, anaharisha au ana vidonda mdomoni, mtenge mara moja. Yaweza kuwa homa ya mapafu au sotoka ya mbuzi na kondoo, nayo huambukiza zizi zima. Mpashe habari Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.

JINSI YA KUMLISHA

Mbuzi mwenye meno mabovu aweza kuendelea kuishi vizuri akitayarishiwa chakula. Mkatie majani laini vipande vifupi: matembele, majani ya lukina kidogo, na nyasi changa. Mchanganyie pumba za mahindi na maji kidogo ziwe tepetepe. Chicha ya nazi yafaa pia ikiwa mbichi; iliyooza itamdhuru. Anza kwa kiasi kidogo, uongeze siku baada ya siku, maana pumba nyingi kwa ghafula huchafua tumbo. Mpe maji safi na chumvi, naye ale peke yake, kwa kuwa vijana watamsukuma.

Usimnyweshe kwa nguvu mafuta au dawa za kubahatisha. Kitu kikiingia mapafuni kitamwua kabla ya ule ugonjwa. Mbuzi asiyekula kabisa kwa siku nzima, au aliyevimba ubavu wa kushoto, aitiwe daktari pasipo kungoja kesho.

KATA SHAURI MAPEMA

Mbuzi jike asiye na meno akipata mimba hukosa maziwa, na mwana hufa njaa, wapoteza wawili. Afadhali usimpandishe tena. Kama hana ugonjwa, muuze au umchinje angali na nyama mwilini. Usingoje mpaka Idi, maana mnyama aliyekonda mno hafai kwa udhia, na mnunuzi mwenye kujua atamkataa. Aliyepewa dawa asichinjwe kabla ya siku alizotaja daktari kwisha, na nyama ionwe na mkaguzi. Aliyekufa mwenyewe azikwe, asiliwe.

Ukimnunua mbuzi kisiwani, pata cheti cha kuhamisha mifugo, kisha mtenge na wenzake kwa majuma 3. Siku ya kununua mpe majani sokoni pale pale, umtazame akila na kucheua. Bei rahisi ya mbuzi aliyejaa plastiki ni ghali.

Na mbuzi wako ulio nao? Kesho asubuhi kabla ya kuwafungulia, shika kila mzee: funua mdomo, papasa shavu, weka ngumi ubavuni, tazama kope. Kazi hiyo haizidi dakika 5 kwa mbuzi mmoja, nayo yaweza kukuokolea zizi lako.